Haidrenjia 11 zilizokosa ua: uchambuzi wa kisa kutoka milima ya Buhigwe

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea kwenye nyumba ya wageni inayoendeshwa na watawa, katika milima ya Buhigwe, mkoani Kigoma. Jina la nyumba, kijiji na wahusika nimeviacha. Mimi nina kitalu cha miche Kasulu. Niliitwa kushauri, nikafuatilia bustani ile kwa msimu mzima na zaidi kidogo.

Wengi wakisikia Kigoma wanawaza ziwa, dagaa, migebuka na joto la Ujiji. Huku juu ni Kigoma nyingine. Ziwa Tanganyika liko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, lakini ukipanda kuelekea mpaka wa Burundi unavuka mita 1,500, na usiku wa Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Ndiyo sababu kahawa ya arabika imekubali Manyovu na Kalinzi, na ndiyo sababu haidrenjia nayo imekubali. Ukiishusha mjini Kigoma inastawi majani tu, kwa sababu haipati ule ubaridi inaouhitaji ili itengeneze kitumba cha ua.

Kwa asiyeijua: haidrenjia ni kichaka cha kufika kiunoni au kifuani, chenye majani mapana yenye meno pembeni, na maua yaliyojikusanya kuwa kichwa kimoja kikubwa kama mpira wa watoto. Asili ya hii ya majani mapana ni Japani. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali kama wa kwetu, vichwa vyake huwa vya bluu.

Nyumba ile ilikuwa na vichaka 16, vyote vya aina hiyo moja na vyenye umri wa zaidi ya miaka kumi. Vichaka 11 vilipangwa mbele ya baraza na vitano vilikuwa nyuma, karibu na tangi la maji. Kila mwaka maua yalianza kufunguka mvua zinapokolea, Novemba, yakashamiri Desemba na Januari, na kufikia Machi yalikuwa yamefifia. Mzee aliyeitunza bustani hakuwa na mengi ya kufanya. Mvua zikielekea ukingoni aliondoa vichwa vilivyokauka, akatoa mashina machache yaliyozeeka, basi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anafanya hivyo wakati ule, naye hakuwahi kueleza. Alipostaafu mwezi Juni aliondoka na ujuzi wake.

Mambo yalivyokwenda

Aliyempokea ni kijana mchapakazi aliyetoka kufanya kazi mjini, kwenye nyumba zenye bogenvilia na hibiskasi. Mimea hiyo unaikata leo, inachipua, na ua linakuja kwenye chipukizi jipya. Huo ndio ujuzi aliokuja nao, na kwa mimea ile ni ujuzi sahihi.

Mwaka ule nyumba ilikuwa na sherehe ya jubilei katikati ya Desemba. Sista msimamizi alitaka mbele ya baraza pawe pamependeza. Wiki ya kwanza ya Septemba mgeni mmoja aliwaonyesha video kwenye simu: bustani ya Ulaya, mtu anakata haidrenjia hadi chini ya goti, halafu picha ya miezi baadaye, mmea umejaa maua. Kijana akachukua mkasi, akaishusha safu yote ya mbele hadi kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini. Vichaka vitano vya nyuma vilipona kwa sababu moja tu: mbele yake palikuwa na rundo la kuni, na alipanga kurudi kuvikata kuni zikihamishwa. Hakurudi.

Oktoba mvua zikaanza. Safu ya mbele ilichipua kwa nguvu, majani ya kijani yanayong'aa, na kila mtu akafurahi. Novemba ikapita bila kichwa hata kimoja. Hapo hofu ikaingia. Wakaweka samadi mbichi ya kuku, wakaongeza mbolea ya naitrojeni iitwayo CAN iliyobaki kwenye mahindi. Majani yakazidi kunenepa. Siku ya jubilei vichaka 11 vya mbele vilikuwa majani matupu, na maua ya altareni yalikatwa kwenye vile vitano vya nyuma ambavyo hakuna mgeni aliyevitazama.

Februari kijana aliona vichaka vimekuwa virefu na vinalala kwa mvua, akapunguza ncha zote kwa kiasi cha kiganja. Machi mwanzoni nikapigiwa simu. Sista aliamini mimea imezeeka na alitaka tuing'oe tupande waridi.

Nilichokuta

Nilipofika kijana alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyeviua."

"Marahaba baba. Hujaua kitu. Njoo tuvitazame pamoja."

Tulianza nyuma, kwenye vichaka vitano. Nilimwomba achague shina moja lenye kichwa kilichofifia, alifuate kwa kidole kutoka kichwani kushuka hadi ardhini. Sehemu ya juu ilikuwa ya kijani na laini. Alipofika kiasi cha dhiraa chini, ganda likabadilika kuwa la kahawia na gumu, na pale zilipokutana palikuwa na kama pete. "Hapa juu ya pete ni mvua hizi," nikamwambia. "Hapa chini ni mwaka jana. Sasa tazama ua lilianzia wapi." Lilikuwa limetoka kwenye chipukizi fupi lililozaliwa na jicho la shina la mwaka jana. Akajaribu jingine, na jingine. Yote yalikuwa hivyo.

Tukarudi mbele. Mashina yote ya mbele yalikuwa ya kijani kuanzia shubiri ile aliyoikata Septemba. Hakukuwa na tawi la mwaka jana hata moja.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema neno lililonionyesha kwamba ameshaelewa: "Mama, kumbe hii ni kama kahawa."

Ni kama kahawa kweli. Mkulima yeyote wa Manyovu anajua kwamba arabika huzaa zaidi kwenye sehemu ya tawi iliyoota msimu uliopita, na kwamba ukikata mbuni hadi kisiki unakubali kukaa bila mavuno mpaka matawi mapya yakomae. Yule kijana amekulia kwenye kahawa ya babu yake. Ujuzi alikuwa nao tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba unahusu na ua hili.

Tuliyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutong'oa. Mizizi ilikuwa mizima na machipukizi yalikuwa na afya. Mmea uliokatwa hadi chini ukachipua hivyo haujazeeka.

Wa pili ulikuwa kutokata kabisa safu ya mbele mwaka ule, isipokuwa kijiti kilichokufa. Sista aliuliza kama tusipunguze machipukizi yaliyo dhaifu, maana yalikuwa mengi. Nilikataa kwa sababu vichaka vilikuwa vimeshapoteza sana, na kila jani lililobaki lilihitajika kulisha mizizi. Baadaye nitaeleza kwamba hapa nilikaza mno.

Wa tatu ni vile vitano vya nyuma. Hivi tulivipogoa wiki ya mwisho ya Machi, na nilimwachia kijana mkasi mwenyewe. Kichwa kilichofifia unakishika kwa mkono wa kushoto, unashuka nacho mpaka kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonenepa chini ya ua, unakata juu kidogo ya macho hayo. Si chini zaidi. Macho hayo ndiyo yatakayobeba machipukizi ya msimu ujao. Baada ya hapo unapiga magoti, unatazama ndani ya kichaka, unachagua mashina yaliyozeeka zaidi, yale yenye ganda linalobanduka na matawi mengi membamba juu, unayakata ardhini. Tulitoa theluthi moja ya mashina. Mengine hatukuyagusa.

Kwa nini Machi? Kwa sababu ya hesabu hii. Mvua zetu huanza Oktoba na kuisha Mei. Ukikata mwishoni mwa Machi, mmea una wiki saba au nane za unyevu za kukuza chipukizi. Juni ubaridi unaingia, ukuaji unasimama, na usiku baridi wa Juni, Julai na Agosti ndio unaoamuru ncha na macho ya juu ya chipukizi lile yageuke kitumba. Haidrenjia ya majani mapana inataka wiki sita hivi za ubaridi wa chini ya nyuzi 18 kufanya kazi hiyo. Mvua za Oktoba zikirudi, kitumba kimeshakuwepo ndani, kinasubiri maji tu. Kwa hiyo anayekata Septemba anakata kitu kilichokwisha kutengenezwa.

Uamuzi wa nne ulihusu chakula. CAN tuliisimamisha. Naitrojeni nyingi huongeza majani, na mmea unaokimbiza majani huchelewa kutulia kuweka ua. Tuliweka mboji iliyoiva na matandazo ya maganda ya kahawa yaliyokaa mvua nzima, unene wa kiganja, bila kugusa shina.

Wa tano ulikuwa maji ya kiangazi, ndoo moja ya lita 20 kwa kila kichaka mara mbili kwa wiki, asubuhi. Haidrenjia hunyauka jua la mchana hata udongo ukiwa na unyevu, kisha hujirudi jioni. Ikibaki imenyauka hadi asubuhi, hapo ina kiu kweli.

La mwisho ni wazo la kijana mwenyewe. Alichana kitenge kikuukuu akafunga kitambaa kwenye kila kichaka cha mbele. Kitambaa maana yake mkasi usifike hapa mpaka mama wa kitalu aje. Nimelichukua wazo hilo, na sasa nalitumia kwingine.

Niliwaomba pia jambo lisilohusu maua. Matawi waliyokata Februari yalikuwa yametupwa karibu na banda la mbuzi. Majani na vitumba vya haidrenjia vina sumu kwa mifugo, na kwa mtoto pia. Tuliyazoa tukayafukia.

Mwezi wa Agosti

Nilirudi katikati ya Agosti kukagua. Sista alikuwa na wasiwasi, kwa sababu mashina yalionekana makavu, mengine yamepukutisha majani, na ncha zilikuwa na rangi ya kahawia. Kwa macho tu, ungeweza kuapa kwamba kukata kunahitajika. Nadhani mkono wa kijana ulimwasha Septemba iliyopita kwa sababu hiyohiyo.

Nilichukua ncha moja yenye jicho nene, nikalipasua katikati kwa wembe juu ya meza ya jikoni. Ndani, katikati ya majani madogo yaliyojikunja, palikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kijani hafifu, chenye vidonge vidogo vilivyobanana kama kichwa cha koliflawa. Lilikuwa ua la Desemba. Sista aliinama akalitazama muda mrefu bila kusema. Kisha akapasua jicho jembamba la upande, la chini ya shina, akakuta majani tupu. Tangu siku ile hakuna tena aliyesema tung'oe.

Matokeo

Vichaka viwili kati ya 11 vilikufa kabla ya mvua. Vilikuwa mwisho wa safu, mahali ambapo jua la alasiri linapiga moja kwa moja, na wiki mbili za Julai pampu iliharibika maji yakawa ya kubeba. Tulipochimba tulikuta mchwa mizizini. Siwezi kusema mchwa ndio waliua. Mara nyingi hufuata mmea uliokwisha kudhoofika, na hivi vilidhoofishwa na mkato wa Septemba.

Vichaka tisa vilivyobaki vilichanua vyote. Sita vilitoa vichwa vya kutosha, ingawa vidogo kuliko zamani. Vitatu vilitoa vichwa viwili au vitatu kila kimoja.

Vile vitano vya nyuma vilikuwa na vichwa vichache kidogo kuliko mwaka uliotangulia, lakini vikubwa, na mashina yake yalivibeba bila kulala.

Na jambo ambalo hatukulitarajia: vichaka vitatu vya karibu na mlango wa jikoni vilitoa maua ya rangi ya waridi badala ya bluu. Chanzo kilikuwa majivu. Mpishi alikuwa akimwaga majivu ya jiko hapo kila asubuhi. Majivu hupunguza tindikali ya udongo, na tindikali ikipungua mmea haupati tena madini ya alumini yanayolipa ua rangi ya bluu. Niliyaona majivu yale tangu Machi nikayapuuza, nikidhani ni machache. Nilipaswa kusema.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa uvivu wala ukatili wa mkasi. Ile video ilikuwa sahihi, ila kwa mmea mwingine. Baadaye Sista aliitafuta tena akanionyesha. Maua yake yalikuwa meupe, yenye umbo la pia, kichwa kilichochongoka. Hiyo ni haidrenjia nyingine, ambayo wataalamu huiita paniculata. Yenyewe hutoa ua kwenye chipukizi la msimu huohuo, kwa hiyo ukiikata sana kabla ya ukuaji kuanza inakushukuru. Ipo na arborescens, yenye asili ya Marekani, nayo iko hivyo. Zote zinauzwa kwa jina hilohilo la haidrenjia. Ni kama mtu akuambie namna ya kupika ndizi bila kusema ni mzuzu au kisukari.

Na hata mwezi wenyewe haukuwa wa kwetu. Mtu wa Ulaya akisema "kata mwishoni mwa baridi", ana maana ya Februari au Machi, kabla ya joto kurudi, na ana hofu ya barafu kuunguza vitumba. Ndiyo sababu huko huviacha vichwa vikavu juu ya mmea wakati wote wa baridi, viwe kama kofia ya vitumba vilivyo chini yake. Sisi hatuna barafu. Kichwa kikavu kwetu hakikingi kitu. Kikikaa na mvua za Aprili kinaoza, kinaota ukungu wa kijivu ambao hushuka hadi kwenye macho yaleyale tunayoyahitaji.

Watu huniuliza kama kuondoa vichwa vilivyofifia kunaongeza maua, kama ilivyo kwa waridi. Kwa waridi ndiyo, kwa sababu ua likiachwa linafanya tunda, na mmea ukiwa na tunda hupunguza kuchanua. Haidrenjia hii ya vichwa vya mpira ni tofauti. Tunayoyaita maua karibu yote ni tasa, hayaweki mbegu. Kwa hiyo kuondoa vichwa ni suala la usafi, uzito na kuzuia kuoza, si la kuuchochea mmea. Hilo lina maana kubwa kwa mwenye haraka: ukichelewa kuviondoa, usitishike. Ukifika Juni hujafanya, vunja kichwa peke yake, kwa kikonyo chake kifupi, usishuke hata kwenye jozi ya kwanza ya macho. Utapata kichaka kisichopendeza sana na maua kamili.

Kuhusu Februari, nilimhukumu kijana vibaya. Siku ya kwanza nilipoambiwa amekata ncha tena nilisikitika sana, nikasema amerudia kosa. Hakurudia. Februari bado kuna miezi mitatu ya mvua. Ncha aliyokata ilitoa matawi mawili badala ya moja, na mengi ya hayo ndiyo yaliyobeba ua mwaka uliofuata. Nilipohesabu vichwa Desemba niliona wazi kwamba vilikaa kwenye matawi yale pacha. Nilimwambia, na nilimwomba radhi mbele ya Sista.

Nilipokaza mno ni kwenye kukataza kupunguza machipukizi dhaifu. Vile vichaka vitatu vilivyotoa maua machache vilikuwa na msitu wa vijiti vyembamba kama penseli, vinavyogombania maji ya ndoo moja. Kama Machi ile tungeondoa vijiti vile vyembamba vikabaki vinane au kumi vinene kwa kila kichaka, naamini vingechanua vizuri zaidi, na pengine hata vile viwili vya mwisho vingevumilia ile Julai ya pampu. Niliogopa mkasi kwa sababu mkasi ndio ulioleta balaa.

Kilichosaidia kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni ule mchezo wa kufuata shina kwa kidole. Mtu akishajionea pete inayotenganisha mwaka jana na mwaka huu, hahitaji kukariri tarehe. Kuna miaka mvua huchelewa hadi Novemba, kuna miaka huisha Aprili, na tarehe niliyompa Sista itamdanganya miaka hiyo. Pete haidanganyi.

Hali ilivyo sasa

Machi ya mwaka huu kijana alifungua vitambaa vya kitenge kwenye vichaka tisa na kupogoa vyote mwenyewe kwa siku mbili. Vijiti vyembamba vimetoka. Kutoka kwenye machipukizi yasiyo na ua alikata vipande vya vifundo viwili viwili, akapunguza majani nusu, akavichomeka kwenye mchanga chini ya kivuli cha mgomba, na baada ya wiki nne vilikuwa na mizizi. Viwili vimepandwa mahali pa vile vilivyokufa, safari hii vikiwa na uzio wa makuti upande wa alasiri. Mpishi sasa anamwaga majivu kwenye migomba, isipokuwa kichaka kimoja cha mlangoni ambacho Sista ameomba kibaki cha waridi.

Wiki iliyopita kijana alinipigia kuuliza kama anaweza kupunguza tawi moja linaloziba dirisha la chumba cha wageni. Ni Agosti. Nilimwambia alifunge kwa kamba, alivute pembeni mpaka Machi.